Fundi wa Mwangwi wa Ngokolo

Majina yote ninayo. Waliokaa mtaa wetu wa Ngokolo, Shinyanga, miaka ile ya foleni za sukari, kuanzia Mama Hadija wa nyumba ya kona mpaka Mzee Shabani aliyeuza mafuta ya taa, ninaweza kuwataja mmoja mmoja, na watoto wao, na mbuzi wao waliokuwa na majina. La Fundi nalo ninalo. Silitaji. Lilitajwa vya kutosha siku ambazo langu lilikuwa halitajwi, basi hapa na lipumzike.

Tulimwita Fundi, wanaume kwa wanawake. Mafundi walikuwa wengi. Mume wangu Athumani alikuwa fundi bati, Selemani fundi cherehani, Rajabu wa sokoni fundi baiskeli, baadaye akajifanya fundi redio. Hao wote ukiwaita lazima uongeze neno: fundi nani, fundi wa nini. Ukisema Fundi peke yake, mtu yeyote anakuonyesha kibaraza cha yule mwanamke. Mimi niliyeolewa na fundi nikaitwa Mama Zuhura. Zuhura ni mwanangu na nampenda. Lakini hakuna aliyewahi kunipa jina kwa kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Alikuwa mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka michache, kwa hiyo shikamoo nilimpa mimi. Hilo nalo lilinikera. Kila asubuhi nikipita na ndoo yangu, shikamoo Fundi, na yeye bila kuinua kichwa, marahaba Mama Zuhura, pua imeingia ndani ya redio ya mtu.

Redio aliijua kwa sikio. Siku moja Mzee Shabani alimletea yake imefungwa kwenye kanga ya mkewe.

"Fundi, imekufa hii."

"Usiniambie imekufa. Niambie ilikuwa inasema nini kabla haijanyamaza."

"Ilikuwa inasoma habari."

"Sikuulizi habari, Mzee. Ilikoroma? Ilipotea pole pole au ilikatika?"

Mzee Shabani akafikiri. "Ililia. Ililia kama mama mkwe wangu akija kukaa."

"Basi ni kapasita. Njoo kesho."

Na kesho yake ikasema. Watu walicheka wiki nzima na kisa hicho. Mimi pia nilicheka, halafu nilipofika nyumbani nikajiuliza kwa nini mimi ninayesikia ndege wawili wakilia nikajua yupi ni yupi, sikuwahi kuulizwa na mtu redio inalia nini.

Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alichomea kwa mkaa. Vyuma viwili kwenye jiko, kimoja kikifanya kazi kingine kinapata moto. Kabla ya kugusisha chuma kwenye waya alikisogeza karibu na shavu, akasikilizia joto, kama wanavyofanya mafundi bati. Athumani alimwona siku ya kwanza akasimama na karai zake begani.

"Yule mwanamke ana mkono," akaniambia usiku ule tukila.

Nilikuwa nimemuungia Athumani vibatari mia na zaidi, huyo. Tangu mwaka tulipooana yeye akikata bati mimi naunga. Neno hilo la mkono sikuwahi kulipata. Nikamwongezea ugali, sikumwongezea mboga.

Nisimpambe mno, kwani alikuwa na vituko. Waya wa umeme haukumtisha, lakini kinyonga akionekana kwenye ua wake, kazi inasimama, anapanda juu ya kiti mpaka mtu aje amtoe. Sukari hakumpa mtu, chai yake ilikuwa ya chumvi na tangawizi na ulikunywa hivyo hivyo. Betri zilizochoka alizianika juu ya bati kama watu wanavyoanika dagaa, na ukipita na kivuli chako juu yake anakufokea. Na yeye mwenyewe nyumbani hakuwa na redio. Redio thelathini za watu kibarazani, ndani kimya kabisa. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Nikiisikiliza nitasikia ubovu wake. Nataka kupumzika."

Ila kufundisha hakuchoka. Mwenye kutaka alikaa kwenye mkeka, hata kama ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa na sharti moja tu: chuma hakishiki yeye. Unaharibu, anatazama. Unajiunguza, anakupa maji. Unasema, "Fundi, nishikie hapa kidogo," anajibu, "Mikono yangu nimeshaifundisha. Yako bado."

Sasa nifike kwenye mwangwi, maana ndio uliotugombanisha.

Kulikuwa na mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, Maganga, aliyejenga nyumba Shinyanga mjini. Aliagiza mashine ya kuimbia, ile yenye maikrofoni na spika, iliyoifanya sauti ya mtu ijirudie kama anaimbia kwenye mapango. Wakati wa kupakua stesheni ya Isaka ilidondoka kutoka juu ya lori, ikakaa kwenye mvua siku mbili. Maganga akaileta kwa Fundi, Fundi akaifungua, akamwambia haifufuki. "Chukua vipuri basi," Maganga akasema, akaondoka.

Ndani yake Fundi akapata vidudu. Watu wa mjini waliviita aisii. Yeye aliviita vidudu, na kweli vilifanana na kunguni weusi wenye miguu minane ya bati. Vilikuwa vinne, jozi mbili. Kila jozi, kimoja kinabeba sauti, kingine kinakihimiza. Pili binti Hamisi, aliyekuwa kwenye kikundi chetu cha kuimba harusi, alikuwepo siku hiyo kwenye mkeka, akauliza kinabebaje. Fundi akasema:

"Umeshajenga nyumba ya udongo wewe? Mnapopokezana ndoo za maji kutoka kisimani? Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Basi humu ndani kuna mstari wa ndoo nyingi mno, na kinachopokezanwa ni sauti yako. Unaiweka huku sasa hivi, huko mwisho inafika imechelewa. Ukiisikia ile ya sasa na ile iliyochelewa kwa pamoja, ndiyo mwangwi."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu ndiye mpiga ngoma. Akipiga haraka, ndoo zinakimbia, mwangwi unakuwa mfupi. Akipiga pole pole, mwangwi unakuwa mrefu. Akipiga pole pole mno, maji yanamwagika njiani, unasikia mchafuko tu."

Nayajua haya kwa sababu Pili aliyarudia mazoezini mpaka tukachoka. Pili alikuwa na sauti nzuri lakini ndogo, kama ya mtu anayeimba chumba cha pili. Alikwenda kwenye mkeka wiki sita, akaunga jozi moja ya vidudu kuwa kisanduku chake cha mwangwi, kwenye ubao kwa misumari, na siku alipokileta mazoezini akaimba ubeti mmoja. Sauti ile ndogo ilikuwa imejaza ua wa Mama Hadija mpaka kwenye paa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa nyimbo. Hakuna aliyenichagua, lakini hakuna aliyewahi kubisha, kwa sababu nikifungua mdomo Ngokolo nzima inajua kuna harusi. Sasa Mama Hadija, aliyekuwa mwenyekiti wetu, akasema harusi ya Asia binti Maganga inakuja, watu watatoka Geita na Mwanza, na atakayemtoa bibi harusi ndani kwa wimbo siku hiyo ndiye atakayetuongoza tangu hapo. Alisema akinitazama mimi, halafu akamtazama Pili.

Asubuhi yake nilikuwa kibarazani kwa Fundi.

"Shikamoo. Nataka ile jozi nyingine."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya Pili ilikuwa ya nini?"

Akaweka chini bisibisi. "Mama Zuhura, sauti yako imejaa. Ukiitia mwangwi itajikanyaga yenyewe. Maneno yako ya nyuma yatayaziba ya mbele. Pili alikuwa na nafasi ya kuongeza, wewe huna."

Leo najua alikuwa ananisifu. Siku ile nilisikia mtu ananinyima.

"Sema tu kwamba Pili ndiye wako."

Halafu akafungua kichupa cha dawa ya kikohozi alimokuwa ameweka vile viwili, akavimwaga kwenye kiganja changu. "Kaa kwenye mkeka," akasema.

Nilianza kama wote walivyoanza. Kidudu kina alama ndogo kichwani, kama kovu. Unaiweka juu, unaanza kuhesabu miguu kushoto, unashuka, unavuka, unapanda kulia. Alinifanya nihesabu mpaka nikawa nahesabu vidole vya Zuhura hivyo hivyo. Halafu misumari kwenye ubao, waya kutoka msumari huu kwenda ule, kila mmoja na kazi yake. Kuunga kwangu alikukataa. Nilizoea bati, najaza risasi ya kuungia mpaka inavimba. "Hii si ndoo, haivuji," alisema. "Tone. Tone tu, ling'ae."

Risasi yake haikuwa kama yetu. Ilikuwa waya mwembamba wenye utomvu ndani, na miaka ile kuupata ilikuwa kazi. Alimpimia kila mwanafunzi shubiri moja, akikata kwa mkasi. Mimi kwa kujaza kwangu nikaimaliza kabla miguu mitano haijaungwa. Ningeomba nyingine. Pili aliomba mara mbili, akapewa, nilimwona kwa macho yangu. Lakini ndiyo maana sikuomba. Nilitaka Fundi aone nimemaliza kwa shubiri moja wakati Pili alihitaji tatu.

Athumani alikuwa Mwakitolyo, amewapelekea wachimbaji karai za kuoshea mchanga. Kwenye kona ya chumba chetu kulikuwa na mche wake wa risasi na chupa ya asidi, ile anayopaka kwenye bati ili risasi ishike. Nilikuwa nimeitumia maisha yangu yote. Nikapaka miguu ya kidudu asidi kwa unyoya wa kuku, nikaunga, ikashika vizuri ajabu. Iling'aa kuliko ya Pili.

Nikampelekea Fundi akanipa betri, nikaimba, mwangwi ukatoka. Akakubali kwa kichwa, akasema, "Umeunga vizuri. Umetumia nini?"

"Shubiri yako," nikasema.

Siku sita kile kisanduku kiliimba. Nilikiweka juu ya kabati, nikakifunika kitambaa. Majirani walikuja kukisikiliza, Mama Hadija mwenyewe alikuja. Sikuwahi kufurahi hivyo. Na kweli sauti yangu ilikuwa inajikanyaga kidogo, lakini sikutaka kuisikia ikijikanyaga.

Harusi ya Asia ilikuwa mchana, baada ya sala ya Ijumaa. Ua wa Maganga ulijaa. Waliotoka Geita walivaa dhahabu mpaka kwenye meno. Fundi alikuwa amekaa nyuma na wanawake wa mtaa, na Pili pembeni yake na kisanduku chake mapajani. Nikasimama, nikashika maikrofoni, nikaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili nikasikia chinichini mlio kama mafuta ya vitumbua yanayochemka. Bibi harusi alikuwa ameshika mlango, mguu mmoja nje. Mlio ukapanda, ukakoroma, ukakatika, na sauti yangu ikakatika nao kwenye spika zote, nikabaki nafungua mdomo kama samaki. Watu wa Geita wakacheka.

Pili akaja, akachomoa waya kutoka kwangu, akachomeka kwake, akaimba. Asia akatoka.

Sikungoja hata wimbo uishe. Nilikwenda mpaka alipokaa Fundi na kile kisanduku mikononi.

"Umenipa kibovu! Kizima ukampa Pili, kibovu ukanipa mimi! Mbele ya watu wote hawa!"

"Nipe nione," akasema.

Akakifungua magotini pake. Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba miguu ya kidudu ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na miwili ilikuwa imekatika kabisa, imeliwa. Asidi. Kwenye bati unaosha kwa maji na inayobaki haidhuru ndoo. Pale haikuoshwa, ikaendelea kula. Fundi akainua ubao mpaka puani, akanusa. Jirani wa fundi bati miaka yote ile, atakosa kujua harufu hiyo? Akaninyanyulia macho. Nikangoja aniumbue.

"Kidudu kilikuwa kibovu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Kosa ni langu."

Hapo ndipo jambo lilipobaki. Ningesema hapana. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wanawake walikuwa wameshanizunguka wananifuta machozi, pole Mama Zuhura, pole mayu, pole mama yetu, na Mama Hadija akasema haki itendeke, mwenzetu kahujumiwa, uongozi tumpe yeye. Pili hakubisha. Nikaukubali.

Rajabu alipopata habari hiyo akaitembeza soko zima: Fundi anafungia watu vipuri vibovu, vizima anawapa awapendao. Redio thelathini zikawa ishirini, zikawa tano. Watu waliopita kibarazani wakaanza kusalimia wakitazama upande mwingine. Mimi nilikuwa wa kwanza. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepakia vichupa vyake kwenye lori la pamba, akaenda Geita. Nilichungulia dirishani. Hakumwachia mtu ujumbe.

Niliongoza kikundi miaka saba. Kila nilipotoa wimbo nilimtazama Pili kwanza, nione kama ananicheka. Kila nilipomwona anaongea na mtu niliuliza wanasema nini. Nilimsema vibaya kwenye foleni ya maji, kwenye misiba, kila mahali: kwamba alimbembeleza Fundi kwa mchele, kwamba sauti yake ni ya kisanduku. Yeye akinyamaza, nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa maringo.

Halafu Athumani akanichukua twende Geita, kumsaidia kuuza karai. Nilimtafuta Fundi siku ya pili. Sikusumbuka, niliuliza Fundi yuko wapi, nikaonyeshwa. Kibaraza kingine, jiko lile lile la vyuma viwili, tochi za wachimbaji zimepangwa ukutani, na wanawake watatu kwenye mkeka wanahesabu miguu ya kidudu. Nywele za Fundi zilikuwa nyeupe. Na mimi, niliyekuja kuomba radhi, kitu cha kwanza nilichohisi nikiwatazama wale watatu kilikuwa nini? Wivu. Kwamba wamekaa mahali pangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Zuhura. Sogea, kaa."

Sikukaa. "Nilitumia asidi. Kidudu hakikuwa kibovu. Shubiri yako iliisha nikatumia asidi ya Athumani, nikakudanganya."

Wale wanawake wakaacha kuhesabu. Fundi akaendelea kukwaruza waya.

"Najua. Ilinuka."

"Kwa nini hukusema basi? Kwa nini ulijichafua?"

"Ulikuwa umesimama mbele ya watu wa Geita wanakucheka. Nikasema nikubebee mpaka jioni. Nilidhani jioni utakuja kuchukua mzigo wako."

Nikatazama tochi zilizopangwa ukutani.

"Nilikungoja mwaka karibu mzima," akasema.

"Na hukumwambia mtu yeyote?"

"Pili tu."

Moyo wangu ulishtuka, na sitaficha kwamba haukushtuka kwa toba. "Pili! Pili ndiye ulimwambia? Mimi mwenyewe hukuniambia kwamba unajua, ukamwambia Pili?"

"Aliniuliza. Aliniona nikinusa, akaja nyumbani akaniuliza kitu gani kile. Nikamwambia, nikamwomba akinyamazie, nikidhani ni kwa siku mbili tatu. Wewe hukuuliza. Wewe ulipiga kelele."

Miaka saba nilikuwa nikimchimba Pili, na Pili alikuwa na neno moja tu la kunimaliza, na hakulisema.

"Nisamehe, Fundi."

"Mimi nimepata kazi hapa, nimepata watu. Hapa hakuna anayeikumbuka kesi hiyo, kunisafishia jina hapa ni kazi bure. Kasemee Ngokolo." Halafu akawageukia wale watatu. "Hesabuni. Mmefika mguu wa ngapi?"

Nilirudi kabla ya Athumani. Niliposhuka kwenye gari sikwenda kwangu, nilijua nikifika kwangu nitajipikia chai na nitapata sababu. Nilikwenda kwa Pili. Alikuwa uani na Mama Hadija na wengine wa kikundi wanabangua karanga. Nikasema nikiwa nimesimama, na vumbi langu, kwamba kidudu cha harusi ya Asia kilikuwa kizima, mimi ndiye niliyekiua kwa asidi, Fundi alijua akanifunika, na Pili alijua akanifunika.

Pili hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea na karanga, lakini pole pole.

Mama Hadija ndiye aliyesema. Aliweka ungo chini, mtu mzima yule, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Mama Zuhura, miaka saba nampelekea Rajabu redio yangu, kila mara inarudi mbovu kuliko ilivyokwenda. Mume wangu amekufa hajaisikia tena. Na Fundi alikuwa hapo, nyumba ya nne, mpaka tulipomkimbiza."

Nikasema ndiyo. Alikuwa hapo, nyumba ya nne.